Arobaini ya Susi

Usiniambie hukumwona. Kila siku unapita getini kwa Ngonyani, ukifika kwa Susi unageuza uso: mbwa jike, mbavu nje, matiti yakiburura vumbi. Uzazi uliopita nusura umuue. Watoto wameuzwa juzi tu, na leo yuko kwenye joto tena, tayari kupandwa.

Mama Tumsifu, jirani, alikuwa akimpelekea mke wa mtoto wa Ngonyani uji wa pilipili manga, maana binti yumo ndani ya arobaini, hata ndoo haruhusiwi kuinua. Alipofika getini akamwona Ngonyani anakuja nyuma yake, akivuta dume kwa kamba. Akaingia upesi, akatua bakuli mbele ya Susi.

"We mama! Uji wa mzazi huo!"

"Na huyu ni nani, shemeji? Mkweo umemfungia mlango apumzike, huyu unamletea bwana?"

"Tangu lini mbwa akawa na arobaini?"

"Tangu leo."

Akasukuma bawa moja la geti likafunga, akaliegemea kwa mgongo. Susi analamba uji bila kuinua kichwa. Nje, dume anavuta kamba. Geti hilo lina mabawa mawili, na mama yule ana mgongo mmoja. Wewe unayepita, njoo ushike la pili. Sasa hivi.