Kikohozi cha Mbogo

Mbogo aliwashinda wote mbugani kwa nguvu, na kikohozi kilipomshika alisingizia vumbi. Alikonda, akatema damu, wala asiende kwa tabibu Korongo, kwa kuhofia Kima mwenye domo asije akamwona na kumtangaza.

Masika yakaingia, mkewe naye akaanza kukohoa.

"Mume wangu, mvua yote hii, hili langu ni vumbi la wapi?"

Mbogo akainuka. "Twende. Kima na aseme atakavyo."

Kwa Korongo walimkuta Kima mwenyewe, dawa mkononi, amejibanza nyuma ya mlango.

"Mzee Mbogo, usinitaje!" akasihi. "Nimechelewa kuja kwa kukuogopa wewe, usije ukanicheka."

"Sitakutaja," Mbogo akasema. "Nitajitangaza mwenyewe mbuga nzima, ili wanaotuogopa sisi waje."