Dalili Mbili Kubwa na Moja Ndogo

Asubuhi ile afisa wa afya alikuja shuleni kwetu, akatueleza kwamba zamani, vipimo vilipokuwa haba, wagonjwa wa UKIMWI walihesabiwa kwa dalili: mbili kubwa na moja ndogo zilitosha. Alionya kwamba hiyo ilikuwa njia ya kupata takwimu, si ya kumpima mtu. Onyo sikulisikia vizuri, nilikuwa nachora fomu ya mgonjwa ya kuchezea.

Baada ya chakula cha mchana nilifungua kliniki bwenini, juu ya tranka langu.

"Shikamoo daktari," wenzangu walisema, wakicheka.

"Marahaba, wanangu. Aingie mgonjwa kutoka kijiji cha Dirma, Gidahosh."

Gidahosh alikaa mbele yangu. Nilimuuliza kama amepungua uzito. Hakucheka. Alinyanyua shati, akanionyesha mkanda. Alikuwa ametoboa matundu mapya matatu kwa msumari, na ncha yake ilikaribia kufika mgongoni.

"Homa?"

"Tangu likizo."

"Zaidi ya mwezi?"

"Zaidi. Na kikohozi. Huwa najiziba na blanketi msinisikie."

"Kesi hiyo, daktari! Kubwa mbili, ndogo moja!" mmoja alipiga kelele. Hakuna aliyemuunga mkono.

"Nilikuwa naogopa kumwambia nesi," Gidahosh alisema kwa sauti ya chini. "Asante umeniuliza. Nipe hiyo karatasi nimpelekee, maana kusema nitashindwa."

Nilikuwa nimejaza kila kitu. Mahali pa jina niliandika mapema, kabla hajaketi, jina la kumtania kwa wembamba wake: Mifupa ya Dirma.

Nililifunika jina hilo kwa kidole gumba. Gidahosh alishika upande wa pili wa karatasi, akaanza kuivuta.