Zege la Kaka

Kipande cha zege kilipasuka kabla mshale wa mashine ya kupimia uimara haujafika hata nusu.

Binti aliyekuwa maabarani kwa mafunzo ya vitendo aliokota kibanzi, kikamong'onyoka vidoleni kama mkate mkavu.

Zege lilikuwa la kaka yake, fundi ujenzi, aliyesimama kando yake akiwa na kofia mkononi. Msimamizi alikuwa amemshauri binti amwachie mwenzake kipimo hicho. Alikataa, alitaka kaka amwone kazini.

"Mdogo wangu," kaka alinong'ona, "andika kimefaulu. Mengine niachie mimi."

"Nguzo zimeshasimama?"

"Zote."

Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma rula, aliyembeba mgongoni njia zilipojaa tope.

"Kaka, hilo ni darasa. Watoto watakaa humo."

"Kwa hiyo mimi muuaji?"

Binti alivuta fomu ya majibu. Aliandika: kimefeli.

Kaka alivaa kofia, akatoka bila kuaga.

Laiti angemwachia mwenzake kipimo! Angekuwa nje sasa hivi, akimfariji kaka.

Pikipiki ya kaka iliwaka, ikazimika. Binti akakimbilia mlangoni.

Ikawaka tena, ikaondoka.