Rukiya Amfikisha Saumu Nyumbani

Zama hizo, hadithi iliyokaa mtandaoni mwezi mzima bila mwisho ilimaliziwa na mashine, mtunzi atake asitake. Ndiyo maana Rukiya, mshonaji wa Pangani aliyetunga kwa mapenzi tu, alikuwa hatulii: hadithi yake ilibakiza siku chache kutimiza mwezi. Wasomaji walimsaka hata sokoni: "Dada, hivi Saumu atafika kwao?"

Saumu lilikuwa jina la dada yake, aliyefia ugenini. Katika hadithi Rukiya alimpandisha basi la kurudi nyumbani, kisha maneno yakamgomea.

"Mmalizie safari wewe, mwanangu," mama yake alimsihi. "Mashine haikumjua Saumu. Itamfikisha wapi?"

Rukiya akafuta machozi, akaandika. Saumu akashuka kituoni na kapu lake, akapiga hodi kwao, akakaribishwa. Wasomaji walishangilia mji mzima, na Rukiya akajiona mwepesi kama pamba.

Jioni aliingia jikoni akiimba. Mama alikuwa anapakua wali, uso umemnawiri.

"Mbona sahani tatu, mama?"

"Ala! Si umeandika mwenyewe kwamba amefika?" mama akacheka, akasogeza kigoda cha tatu.