Maziwa ya Kubariki Shamba

Tyubu ya pikipiki ilikuwa mapajani mwa Kipyego, imejazwa upepo, na bado hakuona pancha iko wapi.

Asubuhi alikuwa amechagua vifaa vyake kwa makini: pampu, viraka, gundi, msasa, na vijiko viwili vizito vya kubandulia tairi. Chupa ya maji aliitoa mfukoni ili kibuyu cha mama yake kipate nafasi. Sasa barabara ya Burnt Forest ilikuwa kavu, hakuna hata dimbwi la kuzamishia tyubu, na upepo ulivuma hivi kwamba sikio lisingesikia tundu likipumua.

"Tumia hii," mama yake alisema, akifungua kibuyu.

"Mama, hiyo maziwa ni ya kubariki shamba."

"Shamba gani? Wenzetu tulionunua nao shamba la yule mzungu wanagawana saa sita. Tukichelewa, tutaachiwa mawe."

Hakungoja jibu. Alijaza maziwa kinywani, akayapuliza juu ya tyubu kwa manyunyu, vile wazee hubariki. Akarudia, Kipyego akiizungusha polepole, mpaka kibuyu kikaisha. Hapo, karibu na valvu, povu jeupe likainuka, likapasuka, likainuka tena.

Kipyego akaweka kidole pale. Kwa mkono mwingine akachukua kitambaa, akaanza kupangusa tyubu yote.

Mama akamshika mkono.

"Pangusa hapo pa kiraka peke yake. Hiyo maziwa ingine ifungie ndani ya tairi, twende nayo shambani."