Maji Yanapita Kwangu

Dalali aliivuta futi kamba, akaupima ua wa Bi Siwema, akatikisa kichwa. "Mama, bomba kuu la maji limekikata kiwanja katikati. Ukanda huu wa juu yake ni mkuza, mtu hajengi wala hapandi mti. Bei itashuka hadi nusu."

Bi Siwema, aliyefyeka nyasi za mkuza huo kwa mkono wake miaka thelathini, alicheka mpaka kanga ikamteleza begani.

"Hebu vua viatu, baba."

Dalali akasita, akavua, akakanyaga nyasi. Chini ya nyayo zake ardhi ilikuwa inatetema taratibu.

"Umesikia? Mji huu haunywi chai mpaka maji yapite kwangu. Haya, nitajie bei tena."

Dalali alipiga hatua nyingine, pekupeku, akilifuata bomba.