Kipande cha Kanzu

Siku ya nane ya novena, sala ya siku tisa, Vera alifungua kifuko alichokivaa shingoni, akakuta kipande cha soksi nyeusi.

Humo alitarajia kipande cha kanzu nyeusi ya marehemu padri wa kwao Mombasa, aliyebakiza muujiza mmoja tu atangazwe mtakatifu. Parokia ilimpa Vera kipande hicho kwa ajili ya saratani yake ya ini. Mumewe ndiye aliyekishona kifuko.

Kwenye televisheni, mumewe huyo alikuwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa hapo Toronto walikohamia, ameshika hatamu za farasi anayemtunza, yule aliyekuwa akichechemea tangu Aprili. Farasi alikuwa ameshinda kwa mbali. Mume akapiga magoti, akafungua bendeji ya mguu wa mbele, akachomoa kitambaa cheusi kilicholowa jasho, akakibusu.

Jioni alirudi ananuka zizi. Soksi ilikuwa mezani.

"Kwa nini?" Vera aliuliza.

"Wewe madaktari walishakukatia tamaa. Yule alikuwa bado ana nafasi." Akaketi kuvua viatu. "Ila Roma hawatambui muujiza wa farasi. Kesho padri akija, mwambie umepona."